Watoto wa Chui wa Kinyamaseke

Kwa jina la Mwenye kurehemu, aliyempa kifaranga ncha ya mdomo ili apasue ganda lake mwenyewe, asiyemsahau aliye tumboni wala aliye yaini.

Muumba wa kila hai,
waona ndani ya yai,
kiumbe humkatai,
nyosha kalamu na nia.

Ama baada ya hayo, watu wa kisa hiki ni wanne, na wapangwe kama inavyopangwa safu ya sala, bega kwa bega, asitangulie mmoja kwa cheo chake. Wa kwanza ni Wahab, mwenye lori la kubeba mizigo baina ya Bwera na Kasese, mtu aliyesoma fiqhi ujanani na kuishika hadi mvi. Wa pili ni Hamidah, binti yake, mlezi wa makinda na watoto wa wanyama katika bustani ya wanyama iliyo chini ya vilima vya Bulembia. Wa tatu ni Omara, askari mstaafu aliyetoka nchi ya Lango, kaskazini, mlinzi wa bustani hiyo, mwenye bunduki na ruhusa ya kuibeba. Wa nne ni Bwambale, mkulima wa pamba wa Kinyamaseke, baba wa marehemu Enid Biira. Kama yupo wa tano, basi ni chui. Naye hakusimama safuni.

Enid Biira alikuwa na miaka sita. Alichukuliwa asubuhi, katika pamba, hatua arobaini kutoka mlangoni kwao. Mama yake, Alisi, alisikia mlio mmoja tu, mfupi, kama wa kuku anayeshikwa. Watu walipofuata alama ya kuburutwa, walikuta kiatu, kisha utepe wa nywele, kisha yale ambayo baba hapaswi kuyakuta. Bwambale aliyakusanya kwa mikono yake na kuyatia katika gunia la pamba, wala hakumruhusu mtu kumsaidia.

Siku ya tatu chui aliingia katika mtego wa kizimba akimfuata mbuzi. Kufikia saa nne asubuhi palikuwa na watu mia mbili, mapanga, mawe na dumu la petroli. Afisa wa wanyamapori alikuwa amempigia simu Wahab alete lori, kwa kuwa lori hilo ndilo lililozoea kubeba viumbe walionaswa mpakani. Wahab aliteremka, akazunguka kizimba mara moja, akachuchumaa, akatazama tumbo la chui na chuchu zake zilizovimba.

"Ana mimba," alisema.

"Mutoto yangu ndiyo iko ndani ya ile tumbo," Bwambale alimjibu. Hakuwa amelala siku tatu, na sauti yake ilikuwa imekauka.

"Bwambale, nisikilize. Katika sheria tuliyosomeshwa sisi, hata mwanamke aliyehukumiwa kufa haguswi akiwa na mimba. Hungojewa azae. Kisha hungojewa anyonyeshe, mpaka mtoto aweze kula chakula. Ndipo hukumu hupita. Aliye tumboni hana hatia."

Kijana mmoja aliyeshika dumu alicheka. "Hajji, hii ni chui. Unataka tuitafutie na mkunga?"

Watu walicheka pamoja naye, na kicheko hicho kilikuwa kibaya kuliko kelele. Jiwe la kwanza liligonga vyuma. Chui aliruka, akagonga kichwa juu, akaanguka ubavu, akaruka tena. Ndipo Alisi, mke wa Bwambale, aliposogea mbele. Tumbo lake lilikuwa la miezi sita.

"Ngojea," alimwambia mumewe. "Mimi pia niko na mimba. Sitaki damu ya mimba ipite mbele ya macho yangu. Ngojea."

 Bwambale alikwenda hadi kwenye kizimba, akapenyeza ncha ya panga kati ya vyuma, akaishikilia hapo mpaka chui akaiuma, na mdomo wa chui ukachanika, na damu ikatiririka juu ya chuma. Kisha alilivuta panga, akaligeuza, akampa Wahab upande wa mpini.

"Shika. Iko amana kwako. Siku watoto yake wakianza kula nyama, unanipigia simu. Nakuja kuchukua panga yangu, na wewe mwenyewe unanifungulia mlango. Hakuna bunduki. Panga."

"Wallahi, nimekubali," alisema Wahab.

Afisa alilitazama panga, akautazama umati, akalitazama dumu la petroli. Alisema neno moja tu: "Pakieni."

Hivyo ndivyo mnyama alivyopimwa kwa mizani ya wanadamu. Kosa hilo hakuna aliyeliona kuwa ni kosa siku ile, kwa sababu ndilo lililowatoa wote wazima katika barabara ya Kinyamaseke.

Panga lilitundikwa kwa msumari katika chumba cha vifaranga, juu ya mashine ya kutotolesha. Hamidah alilipita kila siku akienda kugeuza mayai. Mwezi ukapita. Jumanne moja alfajiri chui alizaa watoto watatu, vipofu, kila mmoja akiwa na uzito wa nusu kilo ya sukari. Hamidah aliwaona kwa kupitia tundu la msumari katika ubao wa sanduku la uzazi, akashusha gunia mbele ya kizimba ili pawe na giza, akaweka amri zake.

Amri ya kwanza ni kwamba mtu asipite mbele ya gunia ila yeye. Ya pili ni kwamba pasiwe na kelele. Ya tatu aliisema mara mbili mbele ya baba yake na Omara: "Mkono mtupu haumgusi mtoto wa chui. Ikitokea dharura, sugua kwanza majani ya kitanda cha mama yao, viganja vyote, hadi kwenye viwiko. Chui hamjui mwanawe kwa sura. Anamjua kwa harufu."

Siku iliyofuata, katika chumba cha vifaranga, mayai mawili ya korongo mwenye taji yalianza kugongwa kutoka ndani. Walitoka wawili kabla ya adhuhuri, wamelowa, wana rangi ya maziwa yaliyotiwa chai, miguu mirefu isiyotii. Walipokauka tu chini ya taa ya joto, mkubwa alinyoosha shingo, akamdona mdogo jichoni. Mdogo alianguka. Mkubwa alipanda juu yake, akadona kisogo, akadona tena pale pale, bila hasira, kama fundi apigiliaye msumari.

Hamidah alimtoa mkubwa kwa mkono mmoja, akasimamisha ubao kati yao.

Omara alikuwa mlangoni. "Hii si ndege ya bendera ya nchi yetu? Inapigana yenyewe kwa yenyewe siku ya kwanza? Dada, hii iko siasa."

"Ndivyo walivyo, Afande. Wawili wakiachwa pamoja, anabaki mmoja. Ukiwatenga siku kumi na nne, hasira hiyo inakwisha."

"Jeshini tulikuwa na watu kama hawa. Siku kumi na nne haikutosha."

Mpaka hapo kila mmoja alikuwa na lake la kutamani. Hamidah alitamani watoto watatu wafumbue macho na waishi. Wahab alitamani ahadi yake itimie kama ilivyotamkwa. Kule Kinyamaseke, Bwambale, aliyekwisha pigiwa simu kwamba chui kazaa watatu, alihesabu siku.

Ijumaa Hamidah aliitwa Bwera. Makinda kumi na mmoja wa kasuku walikuwa wamekamatwa mpakani ndani ya begi la nguo, nao walihitaji mlezi kabla hawajafa. Aliondoka mapema kwa teksi, kwa maana baba yake haendeshi lori siku ya Ijumaa kabla ya sala. Alimwachia Wahab kazi ya kuangalia taa ya vifaranga na maji ya kobe.

Saa sita mchana Wahab alikoga, akavaa kanzu iliyopigwa pasi, akajipaka mafuta ya udi aliyonunua sokoni Bwera: nyuma ya masikio, katika ndevu, katika vifundo vya mikono, na mabaki akayasugua viganjani. Alikuwa ameshika ufunguo wa geti ateremke mjini msikitini, aliposikia sauti ambayo hakuwahi kuisikia kwa chui. Haikuwa ngurumo. Ilikuwa kama msumeno unaokwama.

Omara alifika naye penye kizimba kwa wakati mmoja. Chui alikuwa ametoka sandukuni kunywa maji, na mtoto mmoja alikuwa bado ameng'ang'ania titi. Aliburutwa hadi nje, akaachia, akateleza chini ya wavu, akaanguka katika mfereji wa saruji upitao nyuma ya kizimba. Mfereji ule hupitisha maji ya mlimani, baridi kama theluji yanakotoka. Mtoto alikuwa ameinua pua juu ya maji na analia. Mama yake alikuwa akichimba saruji kwa kucha, na kucha mbili zilikuwa zimeng'oka.

Wahab alimpigia simu Hamidah. Iliita mpaka ikakatika, kwani wakati huo alikuwa katika ofisi ya mpakani akitia sahihi. Alipiga tena. Ikakatika tena. Pua ya mtoto ilizama, ikaibuka.

"Hajji," Omara alisema, "dada alisema mkono mtupu hapana. Alisema majani. Majani yako pale, nyuma ya sanduku, nakuletea."

Wahab aliyatazama majani. Yalikuwa meusi kwa mkojo, kwa damu ya uzazi na kwa kondo la nyuma lililokaukia humo. "Hayo ni najisi, Afande. Nimeshatia udhu, na hutuba inakaribia. Mikono yangu leo ni misafi kuliko siku yoyote ya wiki."

"Mimi sijui najisi. Mimi najua amri. Ulipewa amri."

"Mtoto anazama wakati tunabishana. Vuta mlango mdogo."

Alipiga magoti, akamtoa mtoto majini kwa viganja viwili, akamkausha kwa ncha ya kanzu, akampulizia pumzi. Mtoto alitafuta titi katika kiganja chake. Wahab alitabasamu, akataja jina la Mola, akampitisha katika mlango mdogo wa chakula.

Chui alimjia mwanawe kwa sauti ya chini ya kubembeleza. Alimlamba mara moja. Akasita. Pua yake ilikunjamana. Akanusa shingo, akanusa tumbo, akanusa tena shingo, na masikio yakalala nyuma. Kisha alimuuma kisogoni. Mlio uliosikika ulikuwa mdogo, kama wa ganda la yai.

"La," alisema Wahab.

Chui alimwachia, akafuta mdomo wake katika majani, akafuta tena, lakini udi ulikuwa umeshakaa katika ulimi. Akaingia sandukuni. Akamlamba wa pili ili ajue ni wake, na kwa kumlamba alimpaka harufu ile ile ya mgeni. Wahab alimwona kupitia tundu la msumari. Alimwona akimuuma wa pili, akimtikisa, akianza kumla kwa kichwa, kwa haraka, kama mtu afichaye ushahidi. Kisha alimgeukia wa tatu.

Nyuma ya sanduku palikuwa na mlango wa ukaguzi, upana wa mtu kupitisha bega. Wahab aliufungua. Omara alimshika kanzu; kanzu ikachanika, mkono wa kulia wa Wahab ukaingia hadi begani. Akampata wa tatu kwa ngozi ya mgongo, akamvuta, akamtupa nyuma yake katika nyasi, na ule mkono wake haukuwahi kutoka wote.

Chui alimshika juu ya kifundo. Alimvuta ndani mpaka uso wa Wahab ukagonga ubao na meno yake mawili yakavunjika. Aliutafuna mkono ule hatua kwa hatua, akiachia na kuuma juu zaidi, na kila alipouma mifupa ilisikika. Wahab hakupiga kelele. Alikuwa akisoma shahada kwa mdomo uliojaa damu. Omara alitia mtutu katika mlango wa ukaguzi, kando ya sikio la mzee, akafyatua, akafyatua tena, akafyatua mara ya tatu mpaka ubao wa upande wa pili ukaruka.

Katika ukimya uliofuata, kutoka mjini chini, adhana ya Ijumaa ilipanda.

Omara alimvuta Wahab nje. Kutoka kwenye kiwiko kushuka, mkono haukuwa tena na umbo la mkono. Aliufunga juu kwa mkanda wa bunduki, akaukaza kwa kijiti, kama alivyofunzwa. "Tunaenda hospitali. Sasa hivi."

"Nipe simu yangu, Afande."

"Ya nini?"

"Nimpigie Bwambale. Ni ile namba ya mwanzo, nibonyezee."

"Wewe umepoteza akili pamoja na mkono. Huyo atakuja na kijiji kizima."

"Aliniachia amana, nami nimeivunja. Asisikie kwa mtu mwingine." Omara alimbonyezea, naye akazungumza kwa utulivu wa mtu aliyemaliza kazi. "Bwambale, ni Wahab. Chui amekufa, tena kwa risasi. Kosa ni langu. Njoo." Kisha akamrudishia Omara simu. "Sitoki hapa mpaka afike. Asije akakuta nimekimbia."

Omara alitukana kwa lugha ya kwao, akamlaza katika kivuli cha chumba cha vifaranga, akarudi getini na bunduki.

Hamidah ndiye aliyefika kwanza, akiwa na kikapu cha kasuku wachanga wanaolia kwa njaa. Aliona kanzu. Aliona mkono. Alikiweka kikapu chini taratibu, akapiga magoti, akauangalia mkanda, akamfuta baba yake uso. Alipoinama juu ya kiganja cha kushoto, alikinusa, akabaki ameinama.

"Udi," alisema.

Wahab aligeuza uso ukutani.

 Hamidah alifuata mlio hadi nyasini, akamchukua mtoto wa tatu, akamweka kifuani chini ya mtandio. Alipasha moto maziwa ya mbuzi, akamtilia chuchu ya mpira mdomoni. Mtoto aligeuza kichwa. Akamtilia tena, mtoto akatema, akalia, akatafuta hewani kitu ambacho hakikuwapo. Akajaribu kwa majani ya kitanda, lakini sanduku lote sasa lilinuka baruti na udi. Kila mara mlio wa mtoto ulikuwa mfupi kuliko uliopita, na miguu yake ilikuwa baridi.

Bwambale alikuja kabla ya alasiri, na pikipiki tatu za boda boda, na watu sita.

"Simama hapo," Omara alisema, bunduki begani. "Mmoja tu anapita. Wengine wanabaki nje ya geti. Anayevuka mstari huu nampiga mguu."

Bwambale alivuka peke yake. Alifika hadi alipolala Wahab, akautazama mkono ule. "Nani alipiga bunduki?"

"Mimi," Omara alijibu kutoka nyuma.

"Nilisema panga."

"Ulisema," Wahab alisema. "Hamidah, mpe mali yake."

Hamidah alilitoa panga msumarini.

"Dada," Omara alisema, "unampa huyu mtu panga?"

"Ni lake." Alimpa upande wa mpini.

Bwambale aliingia kizimbani, akamburuta chui nje ya sanduku kwa mguu wa nyuma, akaanza. Alikata shingo kwanza, mapigo manne, mpaka kichwa kikabaki kimeshikiliwa na ngozi. Alikata miguu ya mbele iliyomshika mtoto wake. Alikata mbavu. Damu ilimrukia shati, shingo na midomo, naye hakuifuta.  Wale sita waliokuja na mori walishika vyuma vya geti na kutazama chini. Mwishowe alipasua tumbo, akalitupa panga kando, akapiga magoti, akaingiza mikono yote miwili akatafuta humo ndani, kana kwamba mwezi mzima haujapita, kana kwamba angepata kiatu cha pili. Alichotoa kilikuwa kipande kidogo cha ngozi yenye madoa, na sikio lisilozidi ukucha wa kidole gumba.

Alikaa nacho mkononi. Alilia mara moja tu, kwa sauti isiyo na maneno, kisha akaokota panga, akatoka.

"Mulisema ilizaa tatu," alisema. "Ingine iko wapi?"

Hamidah alishika mtandio wake kifuani.

"Nilichokuahidi ni mama yao," Wahab alisema kutoka chini. "Mtoto hakuwemo katika ahadi."

"Na mutoto yangu ilikuwa ndani ya ahadi ya nani?"

 Kasuku walilia kikapuni. Bwambale alinyoosha mkono wa kushoto. "Lete."

Omara alivuta chuma cha bunduki nyuma. Mlio wake ukasikika. "Weka panga chini. Nahesabu tatu. Moja."

"Shusha, Afande," Hamidah alisema. Alimkabili Bwambale, akafungua mtandio. "Hanyonyi. Nimejaribu tangu saa nane. Umuue usimuue, hafiki magharibi. Shika." Akamlaza mtoto katika kiganja kile chenye damu.

Mtoto alinyamaza.

Alinusa kifundo cha mkono cha Bwambale, akanusa kati ya vidole, akakikamata kidole cha mwisho kwa mdomo wote na kuanza kunyonya kwa nguvu, huku vikono vyake vikikanda kiganja. Panga lilikuwa limeinuliwa katika mkono wa kulia, nalo lilibaki hapo.

"Inafanya nini?" Bwambale aliuliza.

"Ananyonya. Una harufu ya mama yake."

Getini mtu mmoja alisema, "Bwambale, umezaa," akacheka, akakuta amecheka peke yake.

"Usisogee," Hamidah alisema. Alipenyeza chuchu ya mpira kando ya kidole. Mtoto alipapasa, akaonja, akaachia kidole na kushika mpira, na mapovu yakaanza kupanda katika chupa.

"Ikimaliza naua."

"Akimaliza," Hamidah alisema.

Wakabaki hivyo, yeye ameshika chupa na Bwambale ameshika panga, na kati yao nusu kilo ya uhai isiyo na macho. Ndipo nyuma yao Wahab alipoteleza ukutani. Kichwa chake kiligonga saruji, na kijiti cha mkanda kikafunguka, na damu ikaruka upya. Hamidah aliiachia chupa akamkimbilia baba yake. Bwambale aliiona chupa ikianguka, na mkono wake wa kulia ukaidaka. Panga liliangukia miguuni pake.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Omara alifungua geti; wale sita waliokuja kuua walimbeba mzee hadi kwenye lori lake mwenyewe; Omara akashika usukani. Hamidah alipanda nyuma, amekaza mkanda kwa mikono miwili. Lori lilipogeuka alimwona Bwambale amesimama mlangoni pa chumba cha vifaranga, chupa mkono mmoja, mtoto mkono wa pili. Kati ya baba na amana hapakuwa na nafasi ya kuchagua mara mbili. Lori likaondoka.

Hamidah alirudi kutoka hospitali kwa boda boda jua likielekea kuzama. Mkono ulikuwa umekatwa juu ya kiwiko, na mzee alikuwa hai. Wale sita walikuwa wameshaondoka. Katika chumba cha vifaranga taa ya joto ilikuwa inawaka, na Bwambale alikuwa amekaa chini kifua wazi. Ndani ya sanduku la katoni, juu ya shati gumu kwa damu iliyokauka, mtoto wa chui alikuwa amelala, tumbo limejaa. Panga lilikuwa msumarini, limeoshwa.

Kando, katika tundu la korongo, ubao ulikuwa umeanguka. Mdogo alikuwa amelala ubavu, kisogo kimefunguka. Mkubwa alikuwa anakunywa maji.

"Hizo zilipigana," Bwambale alisema. "Kasuku zilikuwa zinalia, nikasukuma kikapu karibu na taa, ile ubao ikaanguka. Nikadhani zinacheza."

"Hukujua."

"Sikujua." Alisimama, akajifuta magoti. "Shati usioshe. Ikiamka inatafuta ile harufu."

"Sitaliosha."

"Ikianza kula nyama, unapiga simu. Si mzee. Wewe."

"Utakuja kufanya nini, Bwambale?"

Alilitazama panga msumarini. "Iko amana," alisema. Akatoka kifua wazi, akapanda boda boda kurudi Kinyamaseke.

Sasa ni siku ya kumi na mbili tangu azaliwe. Mtoto amefumbua macho, ya buluu kama maziwa yaliyomwagiwa maji, na shati bado liko sandukuni. Hajaonja nyama.

Ewe Mola uliyeumba kucha na uliyeumba titi, wabariki waliobaki. Mbariki Wahab, atiaye udhu wa mkono mmoja, na umsamehe usafi wake. Mbariki Hamidah, asilale akaisahau amana. Mbariki Omara na mkono wake uliofyatua. Mlaze Enid Biira pasipo hofu. Mbariki Bwambale, na siku simu itakapolia uuongoze mkono wake, nasi tusiojua tuuone uongofu huo. Mbariki Alisi, ajifungue salama. Mbariki kifaranga aliyebaki peke yake, na huyu mwenye madoa asiye na mama, mpaka siku atakayokula nyama. Amina.